Chuya za Sikukuu ya Uhuru

Niwataje kwanza waliokuwepo, ili asije mtu baadaye akasema bibi anazeeka na kuchanganya watu. Alikuwepo mume wangu Agapiti, ambaye tumemzika mwaka huu. Alikuwepo dada yake, Gaudensia, wifi yangu, aliyekuja kutoka Chita na sanduku lake la nguo kana kwamba sikukuu ni ya mwezi mzima. Alikuwepo Mama Shabani, jina lake Zuhura, jirani yetu wa ua kwa ua hapa Lipangalala. Kwa pilau aliitwa yeye, iwe harusi ya Waislamu au kipaimara cha Wakatoliki. Alikuwepo binti yangu Prisila, wakati huo anasoma shule ya msingi, leo naye ana mabinti wakubwa. Alikuwepo Fidelis mshona viatu, rafiki wa Agapiti wa kunywa naye. Na alikuwepo mgeni mwenyewe tuliyemfanyia yote yale, Bwana Mwakalinga, mtu wa Kyela, msimamizi katika shamba la miwa ambako Agapiti alifanya kazi mpaka walipompunguza. Kaspari na mkewe Zita walikuwepo, na watu wa kanisani waliotuazima viti, lakini hao wa kanisani walikuja kula tu, siwahitaji katika habari hii. Na mimi, Leokadia, binti wa Akwilina wa Masagati. Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini majina ya watu hayanipotei.

Sikutaka kuyaandika haya. Ningekaa nayo kama nilivyokaa nayo miaka yote. Ila siku ya misa ya arobaini ya Agapiti, watu wameshakula, Fidelis alisimama na fimbo yake akasema maneno ya kumkumbuka marehemu. Akasema: "Huyu bwana alikuwa na mkono wazi. Nani hapa anakumbuka ile Uhuru aliyotufanyia hapa hapa uani? Mbuzi mzima! Na pilau lile, harufu yake ilifika mpaka barabarani. Tangu nizaliwe sijala mchele kama ule." Watu wakaitikia, kweli, kweli. Prisila akanitazama. Mimi nikainama nikazishika ncha za khanga yangu, kwa sababu mbele ya picha ya marehemu iliyozungushiwa maua mke hapigi kelele. Halafu wiki iliyofuata mjukuu wangu Neema akaja na simu yake mkononi, amefurahi. "Bibi, Desemba tisa tunafanya sherehe ya Uhuru hapa nyumbani, ya kumkumbuka babu. Tutachoma nyama, tutapika, watu waje. Na wewe usihofu, hii ni sherehe bila usumbufu. Nimeshapanga kila kitu." Bila usumbufu! Maneno yale yale, katika ua ule ule, kutoka kwenye mdomo unaofanana na wa babu yake. Nikamwambia aende akamsaidie mama yake, nikabaki peke yangu jikoni. Hasira ya mtu mzima haiishi. Inakaa tu mahali pake kama jiko lenye majivu, unadhani limezima, ukipitisha mkono unaungua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, kama sikosei. Mwaka wenyewe kwangu ulianza mwezi wa sita, wakati wa kuvuna, si Januari kama wa watu wa ofisini. Mama yangu Akwilina alikuwa amefariki masika ya mwaka huo, kule Masagati, na mimi nilichelewa kumzika kwa sababu ya maji yaliyofunga njia. Hakuniachia kitu cha kuonekana. Alichoniachia alikuwa amekwisha kunipa zamani nilipoolewa, mbegu ya mpunga. Sijui jina lake la kitaalamu. Sisi tuliuita mpunga wa Akwilina, na majirani nao wakauita hivyo hivyo. Ulikuwa mrefu, unalala kwenye upepo, ndege wanaupenda kuliko mwingine wote, na ukipika, mtu aliye chooni anajua leo mnakula nini. Kule Masagati shamba la mama lilichukuliwa na kaka wa kambo, naye akapanda mahindi. Kwa hiyo, mwaka ule, katika dunia hii yote ninayoijua, mpunga ule ulikuwa kwenye shamba langu tu, huku bondeni, ng'ambo ya mto.

Mbegu haichaguliwi ghalani. Unaingia shambani kabla ya wavunaji, peke yako, na kisu kidogo, unatafuta masuke yaliyonyooka, yaliyojaa mpaka ncha, yasiyo na shina la jirani lililochanganyika. Unayakata moja moja. Unayafunga mafungu, unayatundika jikoni juu ya moto, na pale yanakaa mpaka karibu na mvua. Moshi unayala polepole. Wadudu hawayasogelei, na ganda linabadilika, linakuwa jeusi jeusi kama ukucha wa mtu anayefanya kazi ya mkaa. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Mwaka ule nilikata masuke nalia, maana kila fungu nililofunga nilimwona yeye. Mwezi wa kumi na moja nikayateremsha, nikayapura kwa miguu juu ya mkeka, nikajaza madebe mawili, nikayaziba midomo kwa udongo. Nikayaweka chumbani nyuma ya kitanda. Kila mtu ndani ya nyumba aliyajua. Prisila aliyajua. Mtoto wa kunyonya angeyajua.

Agapiti alikuwa amerudi kutoka kwenye miwa mwezi wa nane. Nisimnyime haki yake, hakufukuzwa kwa wizi wala ulevi, walipunguzwa wengi. Lakini mwanaume aliyezoea king'ora cha asubuhi na kofia ya kazi, ukimweka nyumbani anaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Alihamisha banda la kuku. Alimfundisha Prisila namna ya kufagia. Alikaa sebuleni, kwenye kile kiti chenye mto wa kijani, redio mapajani, akisikiliza habari za nchi nzima, na jioni Fidelis alikuja wakaelezana habari zile zile walizozisikia wote. Mpunga wa chakula ulikuwa umekwisha, na alikuwa akiona aibu kuniomba nimpeleke shambani. Kwa hiyo alipopata wazo la kumwalika Bwana Mwakalinga sikukuu ya Uhuru, mimi mwenyewe nilifurahi. Nilisikia wakizungumza, niko nje naosha vyombo, dirisha liko wazi.

"Ukienda ofisini kwake unakaa benchi na watu mia," Agapiti alisema. "Lakini akija kwako, akala, akanywa, ukamwambia taratibu, anakataaje?"

"Hapo umecheza," Fidelis alisema. "Na iwe Uhuru. Mtu hawezi kukukatalia siku ya Uhuru. Ataonekana mkoloni."

Wakacheka mpaka Agapiti akakohoa. Halafu akaniita, akanieleza mpango wake amesimama, kama mtu anayehutubia. Hatutaenda uwanjani kupigwa jua na kusukumana. Uhuru tutaufanyia hapa nyumbani. Mbuzi atachomwa, pilau litapikwa, redio itawekwa kwenye kiti katikati ya ua tusikilize sherehe za taifa. Viti vitatoka kanisani. Turubai litatoka kwa Kaspari. "Na wewe, Mama Prisila, hutachoka," akasema. "Hii ni sherehe bila usumbufu. Kila kitu nimeshapanga. Gaudensia anakuja kusimamia."

Nikamuuliza, "Mchele?"

"Nimesema kila kitu nimeshapanga."

Siku mbili kabla ya sikukuu nilikwenda shambani kumalizia kufyeka majani, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa na mtu mwenye akili alikuwa anatafuta kutupa mbegu chini. Niliporudi jioni, nimelowa jasho, nilimkuta wifi Gaudensia kibarazani ameshushiwa kigunia cha mchele uliokobolewa. "Shikamoo" sikumpa, maana mimi ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyenipa, tena kwa haraka, macho yako pembeni. Nilimuuliza mchele umetoka wapi. Akasema, "Kaka kautafuta. Wewe oga, wifi, upumzike. Si umeambiwa safari hii hupati tabu?" Nikaoga. Nililala mapema, nimechoka, kichwa kwenye mto, na nyuma ya kitanda sikutazama. Kwa nini ningetazama? Nani anaamka usiku kuchungulia kama mume wake bado hajamla mama yake?

Asubuhi ya Uhuru ua ulikuwa umefagiliwa na Agapiti amefunga vitambaa vya kijani, njano, nyeusi na buluu kwenye nguzo za turubai. Alipendeza, siwezi kukataa. Alivaa shati jeupe na taulo begani, akasimama na Fidelis kwenye moto wa mbuzi, wanageuza nyama, wanaonja, wanageuza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Maji ya kisimani, vitunguu, kuku, kachumbari, togwa, samaki aina ya kitoga waliokaushwa waliotakiwa kulowekwa, majivu ya jana, vyungu vya kuazima na shukrani za kuazima, hivyo havikuwa kwenye mpango. Vilikuwa usumbufu, na usumbufu umekatazwa, kwa hiyo havikuwepo. Mama Shabani alikuja na mwiko wake mkubwa kama kasia, akatazama ua wote, akasema, "Mama Prisila, leo wewe umepumzika mpaka jasho linakutoka." Nikacheka. Ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka siku ile.

Tukakaa kuchambua mchele, mimi na Mama Shabani na Zita, kila mtu na ungo wake. Mashine ya kukoboa ya wakati ule ilikuwa ya kizamani, iliacha chuya nyingi, yaani punje zinazopita na ganda lake bila kukobolewa. Unazitoa kwa vidole unawatupia kuku. Kazi hiyo mwanamke anaifanya huku akizungumza, mkono unajua wenyewe. Zita alikuwa anasimulia habari ya mtu aliyeuza baiskeli ya mkwewe. Nikaokota chuya, nikaitupa. Nikaokota nyingine. Vidole vyangu vikajua kabla yangu. Ganda lilikuwa jeusi. Nikachukua nyingine, nyeusi. Nikainusa. Moshi.

Mpunga wa kula hautundikwi juu ya moto. Hakuna mwanamke bonde hili lote anayetundika mpunga wa kula juu ya moto. Niliinuka nikaingia chumbani. Madebe yalikuwepo nyuma ya kitanda, na udongo mdomoni, tena udongo mbichi. Walikuwa wameziba upya. Nikasukuma moja kwa mguu likaanguka, limejaa pumba.

Nilimfuata Agapiti pale kwenye moto, ngumi imefumbwa. Nikamwita nyuma ya jiko kwa sauti ya kawaida, maana watu walikuwa wameanza kufika. Nikafumbua mkono.

"Baba Prisila, hizi ni nini?"

"Chuya. Kwani leo ndiyo unaziona chuya?"

"Zina moshi."

Akatazama kule kwenye turubai, akanitazama mimi. Hakukana. Afadhali angekana. "Mpunga ni mpunga, Mama Prisila. Mbegu nitakutafutia nyingine sokoni, Supa ile nzuri. Huyu mtu ni wa Kyela, nimlishe mchele wa kubahatisha? Nilitaka ule unaonukia."

"Utautafutia wapi mpunga wa mama yangu?"

"Mama yako amekufa," akasema. "Mimi niko hai, na sina kazi." Halafu akashusha sauti, akanishika bega kwa upole, na upole ule ndio ninaouchukia mpaka leo. "Leo ni siku ya taifa. Usiniharibie."

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwaga ule mchele. Ningemwaga ili iwe nini? Punje iliyovuliwa ganda imekufa. Ukiipika imekufa, ukiimwaga imekufa. Nikarudi kukaa kwenye kigoda changu. Mama Shabani alinitazama usoni, akautazama mkono wangu, akazitazama zile chuya. Alivua khanga yake ya kiunoni akaitandika chini katikati yetu, akasema, "Zita, usiwatupie kuku tena. Fukuza hao kuku. Chuya zote ziwekwe hapa, na zile nyungo tulizomaliza tunazirudia."

Gaudensia akaja mbio kutoka ndani. "Jamani, mgeni anaingia saa saba! Chuya moja mbili haziui mtu, wekeni mchele jikoni!"

"Wifi," Mama Shabani alimwambia bila kuinua kichwa, "mimi pilau lenye chuya sipiki. Kama una haraka, mwiko ule pale."

Gaudensia aliutazama mwiko, akarudi ndani. Nina hakika alijua. Ni yeye aliyepeleka mashineni, na ni vidole vyake vilivyoziba ule udongo. Amekwisha kufa naye, Mungu amrehemu akipenda. Tulichambua mpaka macho yakauma, na tukaenda hata kwenye zile zilizomwagwa mapema, tukazigombania na kuku kwenye vumbi. Zilikuwa kidogo. Zilijaa kikombe cha bati, hazikufika ukingoni. Mama Shabani alifunga kwenye pindo la khanga yake, fundo, akajifunga kiunoni, na hivyo akapika.

Bwana Mwakalinga alifika bila mkewe. Mtu mnene, mpole, mwenye kuvua kofia. Redio ilikuwa kwenye kiti, na ulipopigwa wimbo wa taifa Agapiti akapaza sauti, "Wote tusimame!" Wakasimama. Mama Shabani alikuwa ndiyo anafunika pilau na kupanga makaa juu ya kifuniko. Fidelis akamwambia kwa ukali, "Mama, simama wima, ni wimbo wa taifa!" Akamjibu, "Nimesimama. Mwambie na moto usimame, maana unaunguza mchele wenu." Watu wakacheka katikati ya wimbo, na mgeni naye akauma mdomo. Agapiti alikasirika kwelikweli, mkono kifuani, shingo imevimba. Ndivyo alivyoipenda nchi yake, kwa shingo.

Nilipakua. Ndiyo, mimi. Nilipakua sinia kwa sinia, nikanawisha watu mikono kwa zamu, birika mkono huu, beseni mkono huu. Harufu ile ilijaa uani kama mtu aliyerudi safari. Nilikuwa nimebana meno mpaka masikio yanalia. Mgeni akala tonge moja, akatulia. Akala la pili polepole. Akasema, "Agapiti, mchele huu umeutoa wapi? Mimi ni mtu wa Kyela, kwa mchele hunidanganyi. Huu si wa sokoni."

"Wa kwetu huu, mkubwa," Agapiti akasema, amevimba kwa raha. "Wa hapa hapa nyumbani."

"Basi nipe mbegu. Hata bakuli moja, nimpelekee mama yangu. Yule mzee atafurahi kuliko ningempelekea ng'ombe."

Na Agapiti akacheka, akanipungia mkono wenye mafuta, mbele ya watu wote. "Hilo tu? Mama Prisila! Mtafutie mgeni mbegu."

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini kwanza, nakumbuka, nililiweka vizuri lisimwagike. Nikasema, "Mgeni, mbegu ndiyo hiyo uliyoishika mkononi. Imekobolewa juzi, nikiwa shambani naiandalia mahali. Hakuna nyingine."

Redio iliendelea. Mtu alikuwa anahutubia juu ya kilimo. Bwana Mwakalinga alilitazama lile tonge, akalirudisha kwenye sinia, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akanyoosha mikono nimnawishe. Nilipokuwa namwagia maji akamuuliza Agapiti, bila kelele, "Kwetu mbegu huliwa mwaka wa njaa. Ninyi mna njaa?" Mgeni alikaa kidogo kwa adabu, akanywa maji, akanishukuru mimi kwa jina la mama wa nyumba, akaondoka kabla nyama haijaisha. Kazi haikupatikana. Agapiti hakuitwa tena kule kwenye miwa, na miaka yote iliyofuata, kila tulipokosana, alinirudishia neno lile moja, kwamba mdomo wangu ndio uliomnyima kazi. Huenda. Sijawahi kumwomba radhi, na kitandani alipokuwa mgonjwa, aliponiangalia kana kwamba ananingoja niseme, nilimgeuza nikamsafisha, nikambadilisha shuka, nikanyamaza.

Zile chuya nilizipanda kwenye kipande kidogo nyuma ya bafu la Mama Shabani, penye maji ya kuogea. Sikuweza kuzipanda kwangu; kwangu hapakuwa tena mahali pa kuweka kitu. Nyingine hazikuota, mashine ilikuwa imezijeruhi. Zilizoota tuliziwekea miiba zisiliwe na kuku, na kila asubuhi nilipokwenda kuazima moto nilizichungulia. Prisila alikuwa akinifuata nyuma. Mwezi wa sita uliofuata nilikata masuke machache, fungu la kushika mkononi. Sikuyatundika jikoni kwangu. Niliyatundika kwa Mama Shabani, kwenye moshi wake, na hata baada ya shamba kujaa tena, mbegu imekaa pale mpaka leo, sasa kwa mkwewe, mke wa Shabani. Agapiti alikula mpunga ule karibu miaka thelathini. Hakuuliza hata siku moja umerudi kutoka wapi. Alikuwa akisema tu, "Leo wali unanukia."

Hiyo ndiyo sherehe ya mkono wazi. Juzi Neema alirudi tena na simu yake: "Bibi, na mchele tupike upi? Mama anasema upo wa kwako, ule mzuri." Nikamwambia mchele uko sokoni, aende na kikapu, na mbuzi atakayechomwa, wanaume wamsafishe wenyewe utumbo. Akanitazama kama mtu aliyekutana na nyoka mlangoni. Prisila, ambaye alikuwa ameinamia vitunguu, akasema, "Fanya kama bibi alivyosema," wala hakuinua kichwa.

Waliokuwepo na bado wako hai si wengi. Fidelis yupo, Zita yupo, Prisila yupo, na Mama Shabani yupo ingawa haoni vizuri. Kama nimekosea mwaka, nisahihisheni. Kama turubai halikuwa la Kaspari, au kitoga hawakupikwa siku ile, njooni mnieleze, nitawapikia chai tukae tuzungumze, na Fidelis aje wa kwanza. Ila rangi ya zile chuya msije kunisahihisha. Nilizishika mwenyewe.